Mti wa mepo uani kwetu: je, ni ule wa sukari?

BintiUnyamwezi (Ottawa)

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada wa watu wanaoijua miti ya huku, hasa waliokaa Kanada au kaskazini mwa Marekani kwa miaka kadhaa. Nyumba tuliyopanga ina miti miwili ya mepo, yaani ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mmoja uko mbele, karibu na barabara, na ni mkubwa; nilipouzungushia kamba, mzingo wa shina lake ulikuwa sentimita 190. Mwingine ni mwembamba zaidi na umesimama nyuma ya nyumba, kando ya mtaro.

Jirani yetu alituambia kwamba ule wa mbele ni mepo ya sukari, na tangu siku hiyo mume wangu hana habari nyingine. Amekwisha kununua mirija ya kupigilia kwenye shina pamoja na ndoo nne, anasubiri Februari ifike akinge maji ya mti na kupika shira. Mimi nina wasiwasi. Wiki mbili zilizopita tulikwenda kutembea katika milima ya Gatineau, ng'ambo ya mto, tukakuta mepo za huko zimegeuka rangi ya chungwa na nyekundu, nyingine zimeanza kupukutika, ilhali wa kwetu leo, tarehe 20 Oktoba, bado ni kijani kibichi isipokuwa majani machache yaliyoanza kuwa ya manjano pembeni. Majani yake pia yana madoa meusi makubwa kama sarafu, kana kwamba mtu ameyadondoshea lami. Ule wa nyuma uligeuka mwishoni mwa Septemba, ukawa mwekundu wa kung'aa kama jani la mkungu linalokaribia kuanguka, na sasa umebaki uchi. Nimehifadhi majani yake matatu niliyoyabana ndani ya kamusi.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, nitautambuaje mti wa mbele kwa uhakika kabla majani hayajaisha? Pili, je, rangi inatosha kuamua? Vitabu ambavyo watoto huazima maktaba vinaonyesha mepo ya sukari kuwa ya chungwa na mepo nyekundu kuwa nyekundu, basi, kana kwamba jambo limekwisha hapo.

MkataMatawi (Hamilton, Ontario)

Dada, karibu sana. Kazi yangu ni kupogoa na kuhudumia miti ya mijini, kwa hiyo swali lako nimeliulizwa mara nyingi, na karibu kila aliyeniuliza alikuwa ameanza na rangi. Ushauri wangu ni kwamba rangi uifanye shahidi wa mwisho kuitwa, kwa sababu hubadilika kwa hali ya hewa, kwa udongo, hata kwa upande wa mti unaopigwa na jua zaidi, ilhali mpangilio wa majani, kikonyo na mbegu havikugeuki.

Chukua kitawi kimoja ukitazame. Mepo zote, na spishi zake ni zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za Asia, huotesha majani mawili mawili yanayotazamana penye fundo moja, moja kulia na mwenzake kushoto, na matawi hufuata mpangilio huo huo. Ukikuta mti wenye majani ya umbo la mepo lakini yanapishana, moja huku na jingine mbele kidogo upande wa pili, huo si mepo. Huenda ni mplatani, ambao matunda yake ni vidonge vya mviringo vinavyoning'inia, au likwidamba, ambao jani lake limekaa kama nyota na hunukia ukilifikicha.

Halafu chuma jani moja bichi, ukivunje kikonyo chake karibu na mahali kilipoungana na tawi, kisha ukibinye. Mepo ya sukari, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Acer saccharum, itatoa majimaji maangavu au haitatoa kitu. Mepo ya Norwei, Acer platanoides, itatoa utomvu mweupe kama ule wa kikonyo cha jani la mpapai. Kwa mti wa barabarani katika mji kama wenu jaribio hilo moja karibu linamaliza shauri, tena halihitaji kitabu wala darubini. Fanya haraka tu, kwa maana jani likishakauka au kuanguka lenyewe hutayaona maziwa hayo.

Kama bado kuna mbegu, hapo ndipo utakapoona tofauti hata ukiwa umesimama mbali. Mbegu za mepo huzaliwa pacha, mbili zimeungana vichwa, kila moja ina bawa lake, na zikiachana na mti hushuka zikizunguka kama pia. Katika mepo ya sukari mabawa ya pacha hao huinama kuelekea chini mpaka yakawa karibu sambamba, mfano wa chuma cha kwato ya farasi, na mbegu yenyewe imevimba kama njegere ndogo. Katika mepo ya Norwei mabawa yamenyooka kushoto na kulia karibu katika mstari mmoja, kama mtu aliyenyoosha mikono kuziba mlango, na mbegu ni bapa. Zote mbili hukomaa majira haya, kwa hiyo angalia juu ya mti na chini yake pia.

Umbo la jani ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu miti hii miwili inafanana kama ndugu. Yote ina jani lenye vidole vitano na kingo laini zisizo na meno ya msumeno, na bonde kati ya kidole na kidole ni la mviringo. Lakini jani la Norwei kwa kawaida ni pana kuliko urefu wake, mara nyingine lina vidole saba, na ncha zake humalizikia kwa ncha nyembamba kama unywele. Jani la bendera lisikuongoze, dada. Lilichorwa kwa ajili ya bendera iliyopandishwa rasmi tarehe 15 Februari 1965, lina ncha 11, na mchoraji alitaka lionekane vizuri likipeperushwa na upepo, si lilingane na mti fulani. Hata mwaka 1996, nchi ilipoutangaza mepo kuwa mti wake wa taifa, ilitaja jenasi nzima na si spishi moja.

Kuhusu yale madoa ya lami, hayo ni kuvu aitwaye Rhytisma acerinum, ambaye huipenda sana mepo ya Norwei. Hauui mti. Kuna jamaa yake anayeshambulia mepo nyekundu na mepo ya fedha kwa madoa madogo zaidi, kwa hiyo madoa pekee si hukumu, lakini ukiyaweka pamoja na majani kuwa kijani tarehe 20 Oktoba, mimi nimeanza kumwonea huruma mume wako.

MwanaLamu (Leicester)

Bi BintiUnyamwezi, nami nina la kuongeza kutoka Uingereza, kwa kuwa jaribio la maziwa alilolieleza MkataMatawi likitumiwa huku bila tahadhari linaweza kumpotosha mtu. Mepo ya asili ya Uingereza, ile ndogo ya kwenye nyua za mashambani iitwayo Acer campestre, nayo hutoa utomvu mweupe ukivunja kikonyo, na mabawa ya mbegu zake pia yamenyooka katika mstari mmoja. Inatambulika kwa jani lake dogo, ambalo laweza kuenea lote katika kiganja cha mtoto, na vidole vyake ni butu badala ya kuchongoka. Huko Ottawa nadhani haitawasumbua sana, ila msomaji wa Birmingham au Leeds aliyefika hapa akitafuta jawabu asije akauita kila mti wenye maziwa kuwa wa Norwei.

Jambo la pili ni jina, na hili limenisumbua miaka mingi. Mepo inayoonekana kuliko zote katika miji ya Uingereza ni Acer pseudoplatanus, ambayo Waingereza huiita sikamori. Wamarekani nao wana mti wanaouita sikamori, lakini wa kwao ni ule mplatani wa vidonge, wala hauna udugu na mepo. Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utaambiwa kwamba sikamori ni mkuyu, na kwa hakika mti aliopanda Zakayo ili amwone Yesu akipita ni mkuyu, mti wa jamii ya mitini, tunaoujua sote tangu utotoni. Hivyo jina moja limekalia miti mitatu isiyohusiana hata kidogo. Niliwahi kumwambia mwanangu kwamba mbele ya shule yao kuna mkuyu. Akaniuliza kuyu ziko wapi, nikakosa la kumjibu. Mti ule ulikuwa na majani yanayotazamana, makubwa, mazito, yenye meno pembeni, na mbegu pacha zilizofanya pembe kama ya herufi V iliyopanuka. Ilikuwa mepo tupu.

Tangu hapo huwa nasema jina la kitaalamu kwanza, hata likichosha ulimi.

BabaFuraha (Burlington, Vermont)

Mama, salamu kutoka Vermont, jimbo ambalo mti wake rasmi ni hiyo mepo ya sukari unayoitafuta. Mimi nilizaliwa Bukavu, na huu utakuwa mwaka wangu wa saba wa kukinga maji ya mepo pamoja na rafiki mwenye msitu mdogo nje ya mji.

Nakubaliana na MkataMatawi katika yote isipokuwa moja: naona ameidharau rangi kupita kiasi. Rangi yenyewe inadanganya, lakini wakati wa kugeuka haudanganyi sana. Katika eneo moja, mepo nyekundu hutangulia, hasa zile zilizosimama kwenye maji; mepo ya sukari hufuata; na mepo ya Norwei hubaki kijani mpaka wenzake wote wamevua nguo, ndipo inageuka manjano mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kwa kuwa bado inafuata kalenda ya Ulaya ilikotoka. Mtu akisimama kilimani wiki hii akaona mti wenye majani mabichi katikati ya miti mitupu, ana dalili nzuri kuliko angeipata kwa kutazama rangi.

Sababu ya rangi kudanganya ni kwamba njano na nyekundu hazitoki mahali pamoja. Njano, inayotokana na karotenoidi, imo ndani ya jani tangu linapochanua, ila imefunikwa na kijani cha klorofili. Siku zinapokuwa fupi mti huacha kutengeneza klorofili, iliyopo huvunjika, na njano hufunuliwa. Nyekundu, ambayo ni anthosianini, haikuwamo. Jani hulitengeneza upya katika majuma yake ya mwisho kwa kutumia sukari iliyobaki ndani, na kazi hiyo huenda vizuri mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia barafu. Mawingu na mvua vikitawala Septemba nzima, mepo ile ile iliyowaka mwaka jana itakuwa na rangi ya chai ya maziwa mwaka huu. Ndiyo maana pia mepo moja ya sukari yaweza kuwa nyekundu juu linakopiga jua, ya chungwa katikati ambako rangi mbili zimechanganyika, na ya manjano ndani kwenye kivuli. Na msidhani kwamba mepo nyekundu imeitwa hivyo kwa sababu ya majani ya majira haya. Karibu na kazini kwangu kuna moja ambayo kila mwaka hugeuka manjano. Jina lake linastahili zaidi kwa maua, vikonyo, matumba na vitawi, ambavyo ni vyekundu karibu mwaka mzima.

Sasa niungame kosa langu, huenda likamsaidia mume wako. Mwaka wa kwanza niliingia msituni mwezi wa Februari, miti yote ikiwa uchi, nikiwa na ujuzi mmoja tu, kwamba matawi ya mepo hutazamana. Nikatafuta mti mkubwa wenye matawi yanayotazamana, nikautoboa matundu mawili, nikatundika ndoo, nikarudi kesho yake na keshokutwa. Ndoo zilikuwa na theluji tu. Rafiki yangu alipokuja alicheka mpaka akakaa chini: ulikuwa mti wa ashi, ambao nao matawi yake hutazamana, ila jani lake ni la vijani vingi vilivyopangwa kwenye kikonyo kimoja na mbegu yake ina bawa moja, haina pacha. Majani yangekuwapo nisingekosea. Tangu mwaka huo tunazifunga mepo utepe mwezi wa Septemba, kila mti ukiwa bado na majani yake mwilini, na Februari tunafuata utepe.

Kwa anayelazimika kutambua wakati wa baridi, atazame tumba la mwisho wa kitawi. La mepo ya sukari ni la kahawia, jembamba, limechongoka kama ncha ya penseli iliyochongwa sasa hivi. La Norwei ni nene, butu, la kijani lililochanganyika na wekundu wa damu ya mzee. La mepo nyekundu ni dogo, la mviringo, jekundu, na mara nyingi yako mengi yamesongamana.

BintiUnyamwezi (Ottawa)

Nawashukuru sana, na nimerudi na majibu. Jana usiku sikuweza kusubiri asubuhi; nilitoka na tochi, nikavuta tawi la chini, nikavunja kikonyo na kukibinya. Maziwa. Tone jeupe kabisa, likafuatiwa na jingine, na kidole changu kikanata. Asubuhi watoto wamevunja vikonyo visivyopungua ishirini ili kila mmoja ajionee mwenyewe, na mdogo amenitangazia kwamba tuna mpapai wa Kanada. Mbegu ziko nyingi chini, bapa, na mabawa yake yamenyooka hivi kwamba nimeziweka kando ya rula na hazikuiacha sana. Matawi yanatazamana. Gome halina vipande vikubwa vinavyobanduka. Lina mikunjo myembamba iliyopandana kama wavu wa samaki. Mume wangu alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akauliza kama ndoo zinarudishwa dukani.

BabaFuraha, maelezo yako kuhusu wekundu yamenikumbusha kwetu Tabora. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo hugeuka nyekundu na rangi ya shaba msitu mzima, na mgeni angeapa kwamba majani yanakufa. Kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa. Wekundu ule ni wa majani machanga, na yakikomaa huwa ya kijani. Kwa hiyo miezi ile ile, nyekundu ya kwetu inafungua msimu na ya huku inafunga. Nilikuwa sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Sasa nisaidieni kwa mti wa nyuma. Majani yake matatu niliyoyabana yana vidole vitatu vikubwa na viwili vidogo karibu na kikonyo. Kingo zake zote zina meno madogo madogo kama msumeno. Bonde kati ya vidole ni kali, limeingia kwa pembe wala si kwa mviringo, na linafika yapata nusu ya njia kuelekea katikati ya jani. Upande wa chini ni mweupe mweupe kama umepakwa unga kidogo, na kikonyo ni chekundu. Mbegu sikuiona hata moja, na hilo ndilo linalonitatiza, kwa sababu ule wa mbele umezimwaga kama mchele.

MkataMatawi (Hamilton, Ontario)

Pole kwa shemeji, lakini hongera kwako kwa uchunguzi. Mikunjo ya gome kama wavu ni jambo ambalo wanaoanza kazi kwetu huchukua muda kuliona. Mti wa mbele ni mepo ya Norwei bila shaka. Usijione umedanganywa na jirani, kwa kuwa mitaa mingi imejaa mti huo. Uliletwa Amerika Kaskazini na John Bartram wa Philadelphia mwaka 1756, lakini ulienea hasa katika karne ya 20, wakati ugonjwa ulipoimaliza miti ya elmu iliyokuwa imeipamba mitaa na miji ikatafuta mti unaostahimili moshi, chumvi ya barabarani na udongo ulioshindiliwa. Umestahimili kupita kiasi. Mbegu zake huota kila mahali, kivuli chake ni kizito hata majani ya chini hayapati nafasi, na siku hizi unahesabiwa miongoni mwa spishi vamizi. Bila shaka nyasi chini ya mti wenu ni za kubahatisha.

Mti wa nyuma nao, kwa maelezo yako, ni mepo nyekundu, Acer rubrum. Meno ya msumeno yameiondoa ile ya sukari na ile ya Norwei kwa pamoja, na bonde la pembe kali linathibitisha hivyo hivyo. Kinachobaki ni kuitofautisha na mepo ya fedha, Acer saccharinum, ambayo jani lake limechanwa zaidi, mabonde yakipita nusu na kukaribia katikati kabisa, upande wa chini ukiwa mweupe wa fedha hasa, na rangi yake ya majira haya huwa ni njano iliyofifia. Zipo pia chotara za hizo mbili. Oliver Freeman alizizalisha huko Marekani mwaka 1933, ndiyo maana huitwa Acer freemanii, na wauza miche wanazipenda kwa sababu zinakua upesi kama mepo ya fedha na zinawaka kama mepo nyekundu. Jani la chotara hukaa katikati, limechanwa kuliko la mepo nyekundu, kwa hiyo nusu ya njia uliyoipima inaniacha na shaka ndogo.

Kukosa mbegu hakupaswi kukutatiza. Kwa kweli ndiko kunakothibitisha. Mepo nyekundu na mepo ya fedha huchanua mapema sana, kabla ya majani, na mbegu zake hukomaa na kuanguka mwishoni mwa majira ya machipuko, Mei hadi Juni, kisha nyingi huota papo hapo. Mepo yenye mbegu zinazoning'inia Oktoba haiwezi kuwa nyekundu wala ya fedha. Jaribu kukumbuka: mlipokuwa hapo Juni, hakukuwa na mbegu zozote upande wa nyuma?

BintiUnyamwezi (Ottawa)

Ee, zilikuwapo! Mwanzoni mwa Juni mfereji wa mvua pembezoni mwa paa la nyuma uliziba, nikapanda ngazi nikakuta umejaa vitu vyekundu vyembamba, vingine vimetoa mizizi, nikavifagia vyote nikidhani ni mabaki ya wadudu. Vilikuwa na mabawa. Kila kimoja hakikuzidi sana ukucha wa kidole gumba changu, nadhani sentimita mbili hivi, na pacha walikuwa wamefanya pembe ya V, si mstari.

MkataMatawi (Hamilton, Ontario)

Basi wewe ulikuwa na jibu mkononi tangu Juni, dada. Sentimita mbili, rangi nyekundu na pembe ya V ni mbegu za mepo nyekundu. Za mepo ya fedha ndizo kubwa kuliko zote za eneo hili, hufika sentimita nne au tano, na mara nyingi mmoja wa pacha hudumaa asikue. Chotara zinazouzwa sana huzaa mbegu chache au hazizai kabisa, wala zisingeziba mfereji.

Ukitaka kuondoa hata ile shaka iliyobaki, mwezi wa Aprili vuta tawi lenye maua ulitazame kwa karibu: ua la mepo nyekundu lina petali ndogo, la mepo ya fedha halina petali kabisa. Na ukipata siku ya mapumziko, nenda na watoto kwenye bustani ya miti iliyomo ndani ya lile shamba la majaribio la serikali hapo hapo Ottawa. Ilianzishwa mwaka 1889 na miti yake mingi ina vibao vya majina. Waache wavitafute vibao vya Acer kwanza, kisha walinganishe matumba.

BabaFuraha (Burlington, Vermont)

Mama, mwambie mzee asirudishe ndoo kwanza. Maziwa mnayoyaona yako kwenye majani na vikonyo. Maji yanayotiririka mwishoni mwa baridi, usiku barafu na mchana jua, hutoka ndani ya mti wenyewe na ni maangavu hata katika mepo ya Norwei. Mepo zote hutoa maji yenye sukari kidogo. Ya mepo ya sukari yana asilimia mbili hivi, nayo inadai yapata lita 40 za maji kwa lita moja ya shira. Ya miti mingine huwa hafifu zaidi, kwa hiyo mtachemsha kwa muda mrefu na kupata kidogo. Mkichemsha, chemshieni nje. Mwaka mmoja tulichemshia jikoni na dari ikatudondoshea matone kwa siku mbili.

Ule mti wa nyuma una mzingo gani? Mepo nyekundu nayo hukingwa maji, ila matumba yake huvimba mapema, na yakishavimba maji hupata ladha mbaya, hivyo msimu wake ni mfupi.

BintiUnyamwezi (Ottawa)

Nimeupima sasa hivi: sentimita 70.

BabaFuraha (Burlington, Vermont)

Hiyo ni kipenyo cha sentimita 22 tu. Sisi hatutoboi mti ulio chini ya 25, na wengi husubiri 30. Uacheni ukue. Februari tobweni ule wa mbele tundu moja au mawili, na mkiwa mnangoja ndoo ijae, tazameni matumba ya ule wa nyuma yakianza kuwa mekundu juu ya theluji.